Sura ya Sita: Kitufe cha Theluji

Katika magari mengi yanayokata kona Kibada kuelekea Kimbiji kuna kitufe ambacho mwenye gari hajawahi kukigusa. Kimekaa jirani na mkono wa gia, kimeandikwa SNOW. Gari lilitengenezwa Japani, likatembea huko miaka kumi au zaidi, pengine katika kisiwa cha Hokkaido ambako theluji hufunika barabara kuanzia Desemba mpaka Machi. Kisha likapakiwa melini, likashushwa bandari ya Dar es Salaam, likasimama yadi hadi likapata mnunuzi. Mnunuzi alikagua injini, rangi, viti na redio. Kitufe alikiona, akauliza ni cha nini, akaambiwa ni cha theluji. Habari yake ikaishia hapo.

Kazi ya kitufe hicho ni rahisi kueleza. Ukikibonyeza, gari la gia otomatiki huondoka kwa gia ya pili badala ya ya kwanza, na injini huitika taratibu hata ukikanyaga mafuta kwa pupa. Nguvu inayofika kwenye tairi inapungua, na tairi lililopewa nguvu kidogo halizunguki bure juu ya kitu kinachoteleza. Mhandisi aliyekibuni alikuwa akimfikiria mtu anayetoka nyumbani alfajiri, baridi imeshuka chini ya nyuzi sifuri, na kati ya tairi lake na lami kuna tabaka la theluji iliyoshindiliwa na magari yaliyotangulia. Hakumfikiria dereva anayetoka Kimbiji na matenga ya samaki baada ya mvua ya usiku kucha, mbele yake kipande kirefu cha mfinyanzi uliolowa. Lakini madereva hao wawili wana shida moja, na ujuzi unaowavusha ni mmoja.

Ujuzi huo ndio ninaotaka kuueleza katika sura hii, pamoja na raha yake. Nasema raha kwa sababu nimewaona wengi wakiendesha kwenye ardhi isiyoshika huku wakitabasamu peke yao, na kwa sababu mimi mwenyewe sijui uendeshaji mwingine unaoamsha mwili na akili kwa pamoja namna ile. Watu wa nchi za baridi wamelijua hilo siku nyingi. Wana magazeti yanayolizungumzia, wana viwanja vya kujifunzia, wana mabingwa wao wanaojulikana dunia nzima. Sisi tunayo ardhi yetu isiyoshika, na tunayo mabingwa wetu, ila tumezoea kuisema barabara vibaya na kumsahau anayeiweza.

Kimbiji iko pwani ya kusini ya Dar es Salaam, katika wilaya ya Kigamboni, eneo ambalo zamani lilihesabiwa Temeke. Kutoka mjini kati unavuka na pantoni pale Magogoni, au unazunguka Kurasini na kupita Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Baada ya hapo ni Kibada, Kisarawe II, Mwasonga, kisha harufu ya bahari. Barabara ya Kibada–Mwasonga–Kimbiji ina kama kilomita 41, na kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, ikipitwa na malori ya saruji kwa kuwa kiwanda kiko huko huko, na malori ya mchanga na kokoto yanayolisha majengo ya jiji. Lami imekuwa ikiisogelea kidogo kidogo. Hata hivyo, ukiacha njia kuu ukaingia vijijini, ukashuka pwani kuelekea Buyuni au Pemba Mnazi, au ukatafuta kiwanja ulichouziwa nyuma ya minazi, unakutana na ardhi jinsi ilivyoumbwa.

Ardhi hiyo ni ya namna mbili. Upo mchanga, mweupe au wa kahawia hafifu, laini na mzito. Na upo mfinyanzi, unaojificha mabondeni na kwenye mitelemko, mwekundu pengine, mweusi pengine. Mgeni hudhani kwamba kiangazi ndicho kipindi chema cha kwenda Kimbiji na masika ni kipindi kibaya. Mwenyeji hakubali moja kwa moja. Atakuuliza kwanza unapita wapi.

Mchanga na mfinyanzi havipendi hali moja ya hewa. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua limekausha kila kitu, mfinyanzi unakuwa mgumu, unapita juu yake huku vumbi likifuka nyuma. Mchanga wakati huo huo unakuwa mbaya kuliko wakati wowote, kwa sababu punje zake hazina kinachozishikanisha. Tairi likikanyaga, punje zinakimbia pembeni, tairi linashuka, likishuka linakuta punje nyingine nazo zinakimbia. Masika yakiingia, mambo yanageuka. Maji kidogo katikati ya punje za mchanga huzivuta zikashikana, na njia iliyokuwa ikimeza magari mwezi wa pili inapitika vizuri mwezi wa nne, asubuhi baada ya mvua, hata kwa gari dogo. Mfinyanzi nao unageuka sabuni. Ndiyo maana dereva wa Kimbiji huipokea mvua kwa hesabu. Inamtengenezea kipande kimoja cha njia na kumharibia kingine, na safari nzima inategemea kujua ni kipi.

Theluji ina tabia hiyo hiyo, jambo ambalo huwashangaza watu wa kwetu wanaohamia nchi za baridi. Wao hudhani baridi ikizidi, utelezi nao unazidi. Sivyo. Theluji ya nyuzi ishirini chini ya sifuri ni kavu, inalia chini ya tairi, na inashika kwa kiasi cha kuridhisha. Siku ya hatari ni ile hewa inapokaribia sifuri, barafu inapoanza kutoa unyevu juu yake na tairi likapanda juu ya utando wa maji. Mtanzania aliyekwenda kuishi Minnesota hana budi kujifunza kusoma kipimajoto namna mwenzake wa Kimbiji anavyosoma mawingu.

Na kuna jambo moja katika habari hizi ambalo napenda kulitaja kila ninapopata nafasi. Katika nchi za theluji, dereva makini huweka nyuma ya gari mfuko wa mchanga na koleo. Akikwama, humwaga mchanga mbele ya tairi ili lipate cha kushika. Halmashauri zao hununua mchanga kwa malori na kuumwaga barabarani. Kitu kinachotukwamisha sisi Buyuni ndicho kinachowaokoa wao.

Nilishuhudia wakati mmoja, kwenye mwinuko wa mchanga kabla ya kufika pwani, RAV4 iliyokuwa imezama hadi tumbo likalala chini. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo mchanga umekauka na upepo ndani ya matairi umetanuka kwa joto. Kijana aliyekuwa akiendesha alikuwa amekanyaga mafuta mpaka klachi, au sijui nini, ikaanza kunuka. Akaja mzee mmoja na baiskeli, akaiegemeza kwenye mnazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zima gari kwanza."

Kijana akazima. Mzee akazunguka gari, akainama kila tairi, akabonyeza kwa kidole gumba.

"Tairi zako zimejaa mno. Toa upepo."

"Mzee, nikitoa upepo si nitaziua tairi?"

"Utaziua ukienda mbio. Hapa kuna mbio?"

Kila kitu kilichofuata nilikuwa nimekwisha kukisoma katika vitabu vya wataalamu wa nchi za barafu na jangwa, na hapa nikakiona kikifanywa na mtu ambaye pengine hajawahi kumiliki gari. Upepo ukatolewa kwa kijiti, tairi moja baada ya jingine, hadi ubavu wa chini ukaanza kuvimba. Gari la kawaida hutembea lamini na upepo wa 32 au zaidi kidogo kwenye geji. Mchangani hushushwa hadi 18, hata 16. Watu wengi hudhani faida yake ni tairi kuwa pana. Kweli linapanuka kidogo, lakini faida kubwa ni urefu: sehemu ya tairi inayogusa ardhi inarefuka mbele na nyuma, uzito unasambaa, na mchanga unakandamizwa badala ya kuchimbwa. Huko Aisilandi, wanaopanda mabarafu ya milimani kwa magari yenye matairi makubwa ajabu hushusha upepo hadi chini ya 5, na gari la tani mbili linatembea juu ya theluji ambayo mtu mwenye viatu angezama.

Mzee akaagiza mchanga uliorundikana mbele na nyuma ya matairi uondolewe kwa mikono, kwa sababu tairi lililozama lina ukuta kila upande, na ukuta haupandwi. Watoto wakaleta makuti na makumbi ya nazi, yakasukumwa chini ya matairi ya nyuma. Usukani ukanyooshwa. Kijana akataka kwenda mbele, mzee akakataa.

"Rudi nyuma, kwenye alama zako ulizokuja nazo. Hapo pameshakanyagwa."

Gari likatoka kwa jaribio la kwanza, polepole, bila kelele. Mzee akamwelekeza aende akajipange upya kutoka mbali, apandishe akiwa na mwendo, asiguse breki, asibadilishe gia katikati, na akiona gari linaishiwa nguvu aache lenyewe lisimame kabla halijaanza kuchimba. Kisha akachukua baiskeli yake.

Ukizichambua amri zile, utaona zote zinakataza nguvu: usikanyage sana, usifunge breki, usikate usukani ghafla. Breki mchangani hurundika mchanga mbele ya tairi, na ukisimama hapo kuondoka ni kazi. Usukani uliokatwa kwa pupa hugeuza tairi kuwa jembe. Kwenye mfinyanzi breki ina ubaya mwingine: tairi likigoma kuzunguka, usukani haufanyi kazi tena, na gari linakwenda linakovutwa na mteremko. Hapo dawa ni kuinua mguu taratibu, kutazama unakotaka kwenda, maana mikono hufuata macho, na kuelekeza usukani huko kwa kiasi kidogo kidogo hadi tairi lishike tena. Maneno kama haya ndiyo mwalimu wa udereva wa Norwei anayomwambia mwanafunzi wake kwenye uwanja wa utelezi.

Pamoja na hayo, theluji na ardhi yetu haziendi sambamba mpaka mwisho, na ni vizuri dereva ajue zinapoachana. Kile kitufe cha theluji kinasaidia kwenye mfinyanzi na kwenye theluji nyembamba iliyoshindiliwa, mahali ambapo juu panateleza na chini ni pagumu. Mchanga mzito hauko hivyo. Wenyewe ni breki. Unalivuta gari nyuma muda wote. Hapo unahitaji mwendo, na injini iliyofungwa mkono itakuangusha katikati ya mwinuko. Magari mengi ya sasa yana pia mtambo unaokata nguvu kila tairi linapozunguka bure. Kwenye mfinyanzi uuache ufanye kazi. Kwenye mchanga mzito uuzime, kitufe chake kipo, kwa kuwa utakukatia nguvu pale pale unapoihitaji. Hata breki za kisasa zinazozuia tairi lisigande, ambazo ni msaada mkubwa lamini, huchelewesha gari kusimama kwenye mchanga, changarawe na theluji tifutifu. Acha nafasi kubwa mbele yako.

Walioelewa haya kuliko wote ni madereva wa mbio za Safari. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyokatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakazoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yenyewe. Waandaaji walijua wanachofanya. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika saba vile vile. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, na miaka yote miwili Joginder Singh wa Kenya alikuwa miongoni mwa hao saba. Katikati yake, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, naye kwa Peugeot 404. Haikuwa mashine yenye nguvu ya kutisha. Ilikuwa gari la familia, refu kidogo toka chini, lenye springi laini, na lilikuwa mikononi mwa watu waliojua tope.

Kwa miaka karibu ishirini hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyeweza kushinda. Timu za Ulaya zilikuja na fedha, mafundi na majina makubwa, zikaacha magari yao mabondeni. Inasimuliwa kwamba Erik Carlsson wa Uswidi, Saab yake iliponasa kwenye shimo la tope mwaka 1964, yeye na mwenzake waliibiringisha juu chini mpaka ikatoka, na waandishi wa habari waliposita kuamini, akaibiringisha tena mbele yao. Mwaka huo alimaliza wa pili. Ilipofika 1972, mgeni wa kwanza akashinda. Alikuwa Hannu Mikkola, mtu wa Ufini, na pembeni yake Gunnar Palm wa Uswidi, katika Ford Escort. Baada yake wakafuata wengine wa kaskazini: Björn Waldegård wa Uswidi mara nne kati ya 1977 na 1990, Ari Vatanen wa Ufini mwaka 1983, Juha Kankkunen wa Ufini mwaka 1985.

Siamini kwamba ilitokea kwa bahati. Ukuta ule haukuvunjwa na Mwitaliano aliyezoea lami ya milimani. Ulivunjwa na watu waliokulia mahali ambapo kwa miezi minne au mitano ya mwaka barabara haishiki. Miguu yao ilikuwa imezoea kusikia tairi likianza kuteleza kabla jicho halijaona. Na hata miaka ya karibuni jambo hilo limeonekana tena. Mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka 2021, yakapelekwa Naivasha ambako vumbi laini la volkano hujaa kwenye makorongo na kumeza magari. Mwaka 2022 na tena 2024 alishinda Kalle Rovanperä, kijana wa Ufini ambaye akiwa na miaka minane alirekodiwa akizungusha Toyota Starlet juu ya ziwa lililoganda. Starlet ni gari lile lile tulilolijaza Temeke na Kinondoni miaka ya nyuma.

Ukitaka kuona miguu ya namna hiyo kwetu, kaa Kimbiji asubuhi utazame vijana wa kirikuu. Kirikuu, yaani Suzuki Carry, ni gari dogo, jepesi, matairi yake membamba, na zile zinazosukuma kwa magurudumu manne zinapita mahali ambapo Land Cruiser iliyopakia inalala. Dereva wake hubeba mbao, saruji, maji, samaki, mara nyingine bibi harusi. Hashiki usukani kwa nguvu. Anauacha ucheze mikononi, ukifuata nyayo za magari yaliyotangulia, namna nahodha wa ngalawa anavyouacha usukani upokee wimbi halafu anaurudisha. Akiingia mchangani utamwona anainua kidevu, anatazama mbali, hatazami pua ya gari. Bodaboda naye ana mtindo wake: anasogea nyuma kwenye kiti ili gurudumu la mbele liwe jepesi, miguu anaiteremsha pembeni, mafuta hayaachii. Abiria mwenye uzoefu anajua hapo hazungumzi wala hajitikisi.

Raha yenyewe iko hapo. Kwenye lami nzuri, gari linakuacha uwe mahali pengine. Unaweza kufika Kibada na usikumbuke ulipita wapi. Mchangani huwezi kuwa mahali pengine. Unasikia sauti ya injini ikizama nusu toni na mguu wako umeshaitika kabla hujaamua. Unasikia kupitia kiti kwamba tairi la nyuma kushoto limepoteza njia na kuipata. Rangi ya mchanga mbele, nyeupe au ya kijivu, inakuwa habari unayoisoma kwa haraka na kwa uzito. Kisha unafika juu ya mwinuko, gari linapumua, na bahari yote iko chini yako. Watu wa theluji wanaieleza raha hii kwa maneno ya ukimya na weupe. Ya kwetu ina harufu ya chumvi na makuti, na mara nyingi ina watoto wanaopiga makofi.

Raha hiyo ina mipaka, na mpaka wa kwanza ni bahari. Wapo wanaotoka mjini Jumamosi kuja kuendesha ufukweni, na wengi wao hawaulizi maji. Pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takribani saa sita kati ya kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kina cha juu na cha chini hupita mita tatu. Mita tatu za kusimama, ufukwe ukiwa na mteremko mdogo, ni eneo kubwa sana kwa upana. Gari lililokwama mahali pakavu saa nne asubuhi linaweza kuwa ndani ya maji kabla ya chakula cha mchana. Mvuvi yeyote anajua siku ni ya bamvua au ya maji mafu, na kumuuliza hakuna gharama zaidi ya salamu.

Mchanga wa ufukweni nao una sura tatu. Juu kabisa ni mkavu na mzito. Katikati, maji yalipotoka muda mfupi uliopita, ni mgumu na unapitika kuliko barabara yoyote. Chini, ukingoni mwa maji, unaonekana mgumu lakini umejaa maji mpaka punje zimeachana, na gari likisimama hapo linazama lenyewe bila kuguswa. Ile sehemu ya juu, yenye majani na mchanga usiofikiwa na maji, siyo yetu. Kasa hupanda usiku kwenye fukwe za kusini mwa Dar es Salaam kutaga, mayai hukaa chini ya mchanga kwa takribani miezi miwili, na makinda yakitoka lazima yatambae mpaka majini. Gari linalopita juu hukandamiza kiota, na hata alama ya tairi peke yake ni korongo kwa mnyama wa ukubwa ule. Ninaipenda mno michezo ya mchangani, na kwa ajili hiyo hiyo nasema waziwazi: usipeleke gari kule juu, na usiku usiendeshe ufukweni kabisa.

Mpaka wa pili ni chuma chenyewe. Gari lililotoka Hokkaido mara nyingi limekwisha kula chumvi ya kwanza, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kabla ya kununua, ingia chini ya gari na tochi utazame fremu, mabomba ya breki na sehemu za springi, kwa sababu chumvi ya Kimbiji itaendeleza kazi ilipoachwa. Ukitoka pwani osha chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, siyo kesho. Na tazama matairi. Magari mengi hushuka melini na matairi ya theluji, yenye vijimkato vyembamba vingi juu ya kashata na pengine alama ya mlima wenye kipande cha theluji ubavuni. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Dar es Salaam yenye joto huo mpira unalainika kupita kiasi, unaisha upesi, na breki ya ghafla inahitaji umbali mrefu zaidi. Mchangani yanafaa kidogo kwa sababu ya ulaini wake, na kuna madereva wanaoyasifu kwa hilo, lakini hakuna anayeishi mchangani tu. Yabadilishe. Na upepo uliotoa, urudishe mara tu unapofika kwenye ardhi ngumu. Tairi lenye upepo kidogo likienda mbio lamini hupata moto, na huweza kupasuka au kuchomoka kwenye rimu. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ni ya lazima kwa mtu wa Kimbiji sawasawa na jeki, pamoja na ubao mpana wa kuwekea hiyo jeki, kwani bila ubao jeki ndiyo itakayozama.

Katika mafunzo yetu ya udereva, mwanafunzi hujifunza kurudi nyuma kati ya nguzo, kupanda mlima bila kurudi, alama za barabarani. Yote ni ya muhimu. Sijaona anayepelekwa kwenye tope akaambiwa: sasa fanya breki kidogo, usikilize kinachotokea. Norwei hawampi mtu leseni kabla hajapita kwenye uwanja wa utelezi, akayumba mahali ambapo kuyumba hakumuui mtu. Nchi yetu ina masika kila mwaka, ina maelfu ya kilomita za udongo, na mabasi yetu hupita humo yakiwa yamejaa watu. Lami ikifika Kimbiji haitaondoa haja hiyo. Upepo utaendelea kupeperusha mchanga juu yake, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi itaendelea kuchanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika, siku ambayo lami huteleza kuliko siku nyingine zote.

Viwanja vya kufundishia havihitaji kujengwa. Kigamboni ina mchanga wa kutosha na ina mabonde ya mfinyanzi ambayo mwezi wa nne hayana mtu. Nusu siku moja kwa kila mwanafunzi, gari moja kuukuu, kamba, chepe na geji ya upepo. Mkufunzi akae kiti cha pembeni, na kwa somo la mchanga alipwe na aitwe mwalimu mmoja wa wale vijana wa kirikuu.